Maswali ya Kabla na Maswali ya Baada

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuja nayo Koboko Jumamosi moja kutoka Arua, ameikunja mara mbili na kuibana ndani ya daftari la safari za gari. Ni dereva wa shirika dogo linalopeleka bidhaa kwenye makazi ya wakimbizi, na shirika lilikuwa limeamua kuwakatia wafanyakazi wake bima ya maisha ya pamoja. Ukurasa wa kwanza ulimkwamisha kwenye mstari wa pili: tarehe ya kuzaliwa. Wa pili ulimkwamisha pale ulipouliza kama amewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kwamba ana presha. Wa tatu ulitaka kujua baba yake alikufa kwa ugonjwa gani, akiwa na umri gani. Mwenzake kazini alikuwa amempa ushauri wa haraka: andika hapana kila mahali, tia sahihi, rudisha. Yeye hakuridhika. "Kaka," aliniambia, "wewe unasoma mambo haya. Hawa watu wananiuliza ili wawalipe watoto wangu, au ili wapate sababu ya kutowalipa?"

Sikuwa na jibu la sentensi moja. Swali lake lilinirudisha kwenye sheria, kwenye maandiko ya wanazuoni, na kwenye misiba niliyohudhuria tangu utotoni kati ya Arua na Koboko, upande wa Uganda, na Yei, ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini. Hakuna jamii ninayoijua isiyouliza maswali kuhusu kifo cha mtu. Ziko zinazomuuliza mwenyewe angali hai, na ziko zinazowauliza waliobaki. Ziko zinazouliza kwa karatasi, na ziko zinazouliza kwa macho, miaka mingi, bila kufungua mdomo. Kwa hiyo anayetaka kuzilinganisha afuatilie mambo mawili tu: anaulizwa nani, na anaulizwa lini.

Koboko watu hawaijui fomu sana, wanalijua sanduku. Ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake zimekabidhiwa watu watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mtindo huu wa vikundi vya akiba na mikopo ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukasambaa hadi kwetu, na ulipofika West Nile, kona yetu ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, ulikuta watu waliozoea kuchangiana tangu zamani. Pembeni ya akiba kuna mfuko wa jamii: kila mkutano kila mmoja hutia kiasi kidogo, na anayefiwa hupewa fedha asizodaiwa tena. Mwanachama haulizwi kama ana ugonjwa wa sukari, kwa kuwa mwenye sukari anajulikana. Wenzake wamemwona akiisukuma chai iliyotiwa sukari, na alipolazwa ndio waliompelekea uji. Kikundi kinajua kabla ya kuuliza, kwa hiyo hakiulizi.

Ndugu za sanduku hili wako kila upande. Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kuna vyama vya engozi, vilivyopata jina kutoka kwenye machela ya kumbebea mgonjwa milimani. Buganda kuna munno mukabi, yaani rafiki wakati wa shida. Tanzania vipo vyama vya kufa na kuzikana, jina lisilozunguka. Ethiopia ina iddir, na hapa lazima nisimame kidogo, maana iddir imekwenda mbali kuliko wengine: ina daftari la wanachama, kanuni zilizoandikwa, kiingilio, na faini kwa asiyehudhuria mazishi. Zipo hata iddir za watu wanaofanya kazi mahali pamoja. Tukirudi nyuma zaidi tunakuta jiwe la Lanuvium, karibu na Roma, lililochongwa kanuni za chama cha mazishi mwaka 136: kiingilio sestari 100 na mtungi wa divai nzuri, mchango wa kila mwezi, sestari 300 za mazishi, na onyo kwamba aliyeacha kulipa kwa miezi sita hatazikwa na chama. Kabla ya yote hayo jiwe linamtaka anayetaka kujiunga asome kwanza kanuni, asije baadaye akalalamika au akawaachia warithi wake ugomvi. Miaka karibu 1,900 imepita, na bado sijaona fomu ya bima inayolisema jambo hilo wazi namna ile. Hata hivyo, kwa kanuni hizo, Lanuvium haikumuuliza mtu afya yake. Iliangalia kama amelipa.

Heshima ya sanduku haipungui nikisema mpaka wake. Linaweza kununua sanda, kulisha waombolezaji, kukodi gari la kuleta mwili kutoka Kampala. Haliwezi kulipa karo ya watoto watano kwa miaka kumi. Tena wanachama wake wote wanakaa chini ya mvua moja. Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita vilipoingia West Nile mwaka uliofuata, watu hawakukimbia mmoja mmoja hata jirani aweze kumsaidia jirani. Vijiji vizima vilivuka kwenda Sudan na Zaire. Hasara ikiwapata wote siku moja, hakuna aliyebaki mkavu wa kumshika mwenzake.

Hapo ndipo bima inapoingia, kwa sababu inawakusanya watu wanaokaa mbalimbali, wasiojuana. Neno lenyewe limesafiri: bima ni neno la Uajemi na Bara Hindi lililotufikia kwa njia ya bahari. Kampuni ya Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937, na Uganda, baada ya uhuru, ikaunda shirika lake la taifa la bima mwaka 1964. Bima ya maisha ya wafanyakazi kwa pamoja ina mwanzo wake Marekani. Mwaka 1911 kiwanda cha ngozi ya bandia cha Pantasote kiliwakatia wafanyakazi wake, na mwaka uliofuata kampuni ya biashara ya Montgomery Ward ikafanya hivyo kwa maelfu ya watu bila kuwapima kila mmoja. Hoja ilikuwa nyepesi na ya busara: watu walioajiriwa, wanaoamka na kwenda kazini kila siku, tayari ni kundi lenye afya kiasi. Wagonjwa wamo, wazima wamo, na hakuna aliyetafuta kazi ya kubeba magunia ili afe na kuwatajirisha warithi.

Kwa hiyo mkataba wa pamoja uko katikati ya sanduku na bima ya mtu mmoja. Mwenye mkataba ni mwajiri, na mfanyakazi ni jina katika orodha. Fidia kwa kawaida huhesabiwa kwa mishahara: ya miaka miwili, mitatu, minne. Kampuni kubwa yenye mamia ya watu hupewa kiwango ambacho chini yake hakuna anayeulizwa kuhusu afya, mradi awe kazini siku mkataba unapoanza. Maswali humjia mwenye mshahara unaovuka kiwango hicho, au aliyekataa kujiunga alipoajiriwa kisha akabadili nia. Shirika dogo halipati nafasi hiyo. Palipo na watu kumi na wawili, mgonjwa mmoja ni sehemu kubwa ya kundi, kwa hiyo wote hujaza. Mdogo wangu alidhani anashukiwa, kumbe ofisi yao ilikuwa ndogo tu.

Sasa, kampuni isiyomjua mtu inategemea nini? Sheria ya Uingereza, ambayo Uganda na Kenya ziliirithi, ilijibu kwa kesi moja ya mwaka 1766. Gavana wa Fort Marlborough, ngome ya Waingereza huko Sumatra, alikata bima dhidi ya ngome kutekwa. Wafaransa wakaiteka. Mwenye kutoa bima akadai kwamba gavana alimficha udhaifu wa ngome. Jaji Mansfield akaweka kanuni kwamba mkataba wa bima unadai uaminifu wa hali ya juu kabisa, maana mambo muhimu yamo kichwani mwa upande mmoja tu. Kanuni hiyo hunukuliwa kila mahali. Kinachosahauliwa ni kwamba gavana alishinda: jaji aliona kwamba mtoa bima naye alijua, au angeweza kujua na kuuliza, akanyamaza. Uaminifu ulizaliwa ukiwa na miguu miwili.

Mguu mmoja ukaja kulemaa. Waingereza walipoandika sheria ya bima za baharini mwaka 1906, mwombaji alitakiwa kueleza kila jambo ambalo mtoa bima mwenye busara angelitaka, hata kama hakuulizwa. Kwa mwenye meli na wakili wake huenda hilo ni haki. Kwa dereva wa lori ni mzigo wa kubahatisha mawazo ya mtu asiyemjua. Uingereza yenyewe ililiona, na kwa sheria ya mwaka 2012 mtumiaji wa kawaida alibakiwa na wajibu mmoja: kuwa mwangalifu asijibu vibaya anapoulizwa. Sheria hiyo inagusa pia mikataba ya pamoja. Mfanyakazi mmoja akijibu uongo, athari inabaki kwake, wenzake hawaguswi.

Ufaransa ilifika mapema zaidi, kwa njia nyingine. Tangu sheria ya tarehe 31 Desemba 1989, mwombaji hujibu alichoulizwa, na asichoulizwa si deni lake. Halafu Wafaransa wanatenganisha uongo na kosa. Aliyedanganya kwa makusudi hupoteza mkataba wote, ila aliyekosea bila nia mbaya, kosa likigunduliwa baada ya msiba, fidia hupunguzwa kwa uwiano wa alicholipa na alichopaswa kulipa. Mjane hapati yote, lakini haondoki mikono mitupu. Na mwaka 2022 wakavuka tena: kwa mikopo mingi ya nyumba isiyozidi yuro 200,000 kwa mtu, itakayokwisha kabla mkopaji hajafika miaka 60, bima haina ruhusa ya kuuliza afya kabisa, na aliyepona saratani ana haki ya kutoitaja baada ya miaka mitano. Nimeitafakari sana haki hiyo ya kusahauliwa. Inakiri kwamba kuna ukweli ambao umeshalipiwa.

Kutoka Koboko, mila hii ya Kifaransa haiko mbali. Ukienda soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, umeingia Kongo, nchi ambayo bima ilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, SONAS, tangu 1966 hadi sheria ya 2015 ilipoufungua mlango kwa kampuni nyingine. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuwa na shamba upande mmoja, duka upande wa pili, na jamaa zake pande zote, akiishi kati ya urithi wa mila mbili kuhusu kile anachodaiwa kusema.

Dunia ya Kiislamu inalitazama jambo kutoka kwingine kabisa. Koboko na Yumbe zina Waislamu wengi, na wapo wanaoikwepa bima ya maisha, wala si kwa kutojua. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, liliona bima ya kibiashara ina utata usiokubalika katika mauziano, likaelekeza watu kwenye bima ya ushirika, yaani takaful. Sudan ilikuwa imeanza mwaka 1979, na Kenya ikapata kampuni ya takaful mwaka 2011. Katika takaful mwanachama hanunui ahadi. Anachangia mfuko kama sadaka ya kusaidiana, na kampuni ni msimamizi tu. Tofauti hiyo inabadili maana ya uongo. Katika mkataba wa kibiashara anayeficha ugonjwa anaikosea kampuni. Katika takaful anatia mkono kwenye sahani ya wenzake. Waislamu wengi wanakijua kisa cha Mtume sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta unyevu uliofunikwa kwa kikavu, akamkemea muuzaji. Kasoro ya bidhaa iwekwe juu. Nimemsikia sheikh mmoja akikitumia kisa hicho kuhusu fomu ya bima, na nadhani alipatia.

Lakini ushirika wa Kiislamu na kanuni ya Kiingereza vinakutana mahali pamoja: vyote vinamuuliza aliye hai, kabla. Majirani zangu Walugbara, kwa desturi yao ya zamani, walifanya kinyume. Husemwa mara nyingi, hasa na wauza bima, kwamba Mwafrika hapendi kulitaja jambo la kufa. Walugbara wanaikanusha kauli hiyo kwa majina yao. Dra ni kifo, na Drani na Draru ni majina ya watu wanaofanya kazi benki, hospitalini, shuleni. Candiru ni jina la mateso. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kati yao miaka ya 1949 hadi 1952, aliona kwamba mara nyingi mama ndiye aliyempa mtoto jina, akitaja misiba na ugomvi uliomzunguka alipojifungua. Watu wanaoita kifo kwa jina la mtoto hawakiogopi kukitamka.

Walichokuwa nacho ni mpangilio mwingine wa maswali. Mtu alipougua, mzee wa ukoo alienda kwa mwenye kuagua, akauliza ni mzimu gani umeleta ugonjwa, na kwa kosa gani. Nani alimdharau mkubwa? Nani alinyimwa fungu lake la nyama? Na sadaka iliyoahidiwa ilitolewa baada ya mgonjwa kupona, huku ugomvi wa ndugu ukisemwa hadharani ili upoe. Bima inauliza mwili kabla ya msiba. Uaguzi uliuliza uhusiano baada ya ugonjwa kuingia. Siuweki mmoja juu ya mwingine. Uaguzi ule ulijua jambo ambalo hakuna fomu inayolijua, kwamba ugonjwa wa mtu mmoja unafichua hali ya nyumba nzima. Fomu inajua jambo ambalo uaguzi haukulijali, kwamba mishipa ya damu ya baba ina habari za mtoto.

Hapa nirudi kwa ushauri wa yule mwenzake kazini, kwa sababu unaonekana wa huruma na mimi nauona mkali. Anayeandika hapana pale palipo na ndiyo halifuti swali. Analihamisha. Siku ya madai kampuni itaomba cheti cha kifo, kitabu cha kliniki, karatasi za hospitali, na atakayekaa mbele ya meza kueleza ni mjane. Ataulizwa: marehemu alianza dawa lini? Ulijua? Mbona hakuandika? Anaulizwa katika wiki ambayo hata jina lake linamtoka. Nimekaa karibu na mwanamke mmoja katika hali hiyo, na tangu siku ile sijaweza kuona fomu iliyojazwa kwa uongo kama hila dhidi ya tajiri.

Hata hivyo hofu ya anayejaza ina haki yake, nayo idaiwe kwa kampuni na kwa mwajiri. Katika ofisi ndogo fomu hupita kwa karani, kwa mhasibu, pengine inalala mezani chini ya kikombe. West Nile ni miongoni mwa maeneo ya Uganda yaliyoelemewa zaidi na homa ya ini aina ya B, na mtu anaogopa jibu lake kuonekana kuliko anavyoogopa ugonjwa wenyewe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data inaziweka habari za afya katika fungu linalohitaji uangalizi wa pekee, kwa hiyo mfanyakazi ana haki ya kutaka bahasha iliyofungwa iendayo moja kwa moja kwa kampuni ya bima. Kenya ilichukua hatua nyingine kwa sheria yake ya VVU ya mwaka 2006: kampuni ziweke kiwango cha fidia ambacho chini yake mwombaji hatakiwi kueleza hali yake ya VVU. Hapo mtunga sheria hakumlazimisha mtu achague kati ya siri na uongo. Dola nayo ina bima zake zisizouliza: Uganda, mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini na akaacha tegemezi, sheria ya fidia inahesabu mapato ya miezi 60, na akiba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, huwafikia warithi, na katika yote mawili hakuna aliyeulizwa kama anavuta sigara.

Na maswali yenyewe, yakifika Koboko, hubadilika maana. Chukua tarehe ya kuzaliwa. Mdogo wangu alizaliwa ukimbizini, upande wa Yei, katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa na kalenda ukutani. Kitambulisho chake cha taifa, ndaga muntu kama kinavyoitwa Uganda nzima, kinasema tarehe 1 Januari 1981. Mama mdogo, yaani mama yake mzazi, anasema mahindi yalikuwa yametoa maua, basi Januari haiwezekani. Je, anadanganya akinakili kitambulisho? Hapana, mradi aseme ndivyo kilivyoandikwa na kwamba tarehe ya kweli haijulikani. Mikataba mingi inalichukulia kosa la umri kama hesabu ya kurekebishwa, haliangushi mkataba.

Chukua neno baba. Kwetu ndugu wa baba ni baba, na anayeulizwa ugonjwa wa baba anaweza kwa unyofu kabisa kueleza habari za mtu ambaye fomu ingemwita kwa jina jingine. Chukua mwenzi: mstari mmoja, na mdogo wangu ana wake wawili, ndoa zote halali kwa sheria ya Uganda. Akimtaja mmoja tu amesema kweli kwa kipimo cha mstari, na amepanda ugomvi kwa kipimo cha nyumba. Chukua swali la magonjwa makubwa ya zamani. Watu wengi wa mipakani walitibiwa malale, wengine wakichomwa sindano ya uti wa mgongo wakiwa watoto, katika zahanati ambazo daftari zake ziliungua na vita. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina ya malale ya upande wetu si tatizo la afya ya umma tena Uganda, lakini fomu bado inauliza, na jibu la kweli ni: nilitibiwa, sina karatasi, mama ndiye anayekumbuka.

Wala isidhaniwe watu wetu hawajui kujibu. Katika miaka ya 1960, kwenye hospitali ya Kuluva, kusini mwa Arua, daktari Ted Williams aliandika kwa makini kila mtoto aliyeletwa na uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani: ulianza lini, familia ilikuwa ikiishi wapi. Orodha hiyo ya West Nile, iliyochapishwa mwaka 1967, iliwaonyesha watafiti kwamba ugonjwa ulijikusanya kwa mahali na kwa wakati. Wazazi wale walijibu kwa usahihi kwa sababu aliyeuliza aliwajua, na walijua anauliza kwa nini. Fomu ya kurasa nne haijawahi kumweleza mtu kwa nini inauliza. Hilo ni kosa la fomu.

Nililazimika pia kumwambia jambo moja baya. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, mikataba ya kazi ilikatika Arua, na bima ya pamoja hukatika na kazi. Mtu aliyelindwa Ijumaa hakulindwa Jumatatu, awe alijibu kweli au uongo. Sanduku la kufuli tatu halimwachi mwanachama kwa sababu mfadhili amebadili nia. Kwa hiyo asiache mchango wake pale. Alicheka, akasema mama mdogo asingemruhusu hata kama angetaka.

Jioni ile tulikaa uani tukaijaza. Presha: ndiyo, aliambiwa kliniki miaka miwili nyuma, akameza dawa miezi minne, akaacha. Aliandika na sababu ya kuacha, kwamba zilimletea kizunguzungu barabarani. Wake: majina mawili kwenye mstari mmoja, kwa herufi ndogo, na mgawo wa kila mmoja katika orodha ya wanufaika. Ilibaki ile ya ukurasa wa tatu. Mama mdogo alikuwa karibu yetu akimenya karanga. "Mama," mdogo wangu alimuuliza, "baba alikufa kwa nini?"

Alinyamaza mpaka nikadhani hatajibu. Mimi nilikuwapo kwenye matanga yale, nikiwa kijana, na nakumbuka kilichoulizwa: mpaka wa shamba, na nani alisema nini siku ya soko. Wazee wawili waliacha kusalimiana kwa sababu ya maswali hayo, na mmoja amekufa hawajasalimiana. Mama mdogo akasema kichwa kilianza kumuuma Jumapili. Jumanne mkono wa kulia ulimkatalia jembe. Akaja nyumbani kwa miguu yake, mdomo umepinda, maneno hayatoki, na Alhamisi alfajiri akawa ameondoka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo," akasema. "Waliniuliza mengine."

Mdogo wangu aliandika: kiharusi, nadhani, umri kama miaka 50, hakuna mwenye hakika, kichwa kilimuuma tangu Jumapili. Mstari ukamwishia. Akaendelea pembeni mwa karatasi, akaigeuza fomu, akamalizia kwa wima.